Ngano Hazina Mwenyewe, Mpaka Zifike Hollywood

Kila mara mjadala kuhusu katuni za watoto unapozuka katika nchi zetu, hugawanyika upesi katika kambi mbili, na kambi zote mbili zimenichosha. Kambi ya kwanza ni ya walinzi wa maadili. Hao humwona ibilisi katika kila picha inayocheza kwenye kioo, hudai vipindi vifungiwe, kisha hulala usingizi wakiamini kwamba wameitetea Afrika. Kambi ya pili ni ya wale wanaojiona watu wa kisasa, ambao jibu lao ni sentensi moja: "Hiyo ni katuni tu, waacheni watoto wafurahi." Wa kwanza wanampiga adui asiyekuwepo; wa pili hawataki kukubali kwamba kuna jambo la kugombewa.

Msimamo wangu hauko katika kambi yoyote kati ya hizo. Wala sizungumzii katuni zote. Nazungumzia aina moja tu: filamu zilizochukua ngano kongwe za watu, kama Cinderella, Snow White, nguva mdogo na mrembo aliyelala miaka mia, zikazichora upya, zikaziuza duniani kote, hata leo mtoto wa Mwanza, wa Kisumu au wa Bujumbura akisikia jina la Cinderella huona gauni la rangi ya samawati na si kingine. Ninadai kwamba filamu hizo zimetutendea mambo matatu yasiyostahili kupita bila kusemwa: zimeiondoa njaa katika hadithi za maskini, zimewapora wasimulizi sauti, na zimejenga ua kuzunguka shamba ambalo lilikuwa la wote. Nadai pia kwamba dawa ya mambo hayo haimo katika kupiga marufuku.

Kabla ya kushitaki, ni haki nieleze ambalo si kosa. Kubadilisha hadithi si kosa. Tangu hadithi ziwepo, kila msimulizi amezibadilisha. Charles Perrault alipochapisha ngano zake huko Ufaransa mwaka 1697, Cinderella wake alikuwa na boga lililogeuka gari na kiatu cha kioo. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipotoa juzuu yao ya kwanza mwaka 1812, binti huyohuyo hakuwa na boga wala malaika wa ubatizo. Alikuwa na mti ulioota juu ya kaburi la mama yake. Karne nyingi kabla yao, mnamo karne ya 9, Duan Chengshi wa China alikwisha kuandika kisa cha Ye Xian, yatima aliyesaidiwa na mifupa ya samaki na kutambuliwa kwa kiatu. Mwaka 1893 mtafiti wa Kiingereza, Marian Roalfe Cox, alikusanya matoleo 345 ya kisa hicho na vya ukoo wake. Sasa ni nani kati ya hao mwenye Cinderella "halisi"?

Hata ndugu Grimm, ambao wengi huwadhania kuwa wahifadhi waaminifu, walikuwa wahariri wenye mkasi. Katika toleo la 1812, aliyetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi. Katika toleo la 1819 amekwisha kugeuzwa kuwa mama wa kambo, kwa kuwa haikupendeza kumwonyesha mama mzazi akila njama dhidi ya damu yake. Waliendelea kupunguza na kuongeza hadi toleo la saba la mwaka 1857. Kwa hiyo anayelalamika kwamba Disney "imeharibu asili" anatetea asili ambayo haikuwahi kuwepo.

Wala ugeni si kosa. Waswahili hawajapata kuogopa hadithi ya mgeni. Abunuwasi wetu mjanja amebeba jina la mshairi wa Baghdad, lakini amekaa pwani yetu muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayemwuliza hati ya kusafiria. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima ya kuongoza, alipata wasaa wa kumfasiri Shakespeare: Julius Caezar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakusema Shakespeare ni Mzungu apigwe marufuku. Alimleta nyumbani, akamfundisha Kiswahili, akamkalisha mkekani. Huo ndio uhuru wa mtu anayejiamini. Basi wanaotaka kuilinda Afrika kwa kuzima televisheni wajue kwamba wanaitetea Afrika yenye woga ambayo wahenga wao hawakuijua.

Tukishakubaliana hapo, tuingie katika mashitaka.

La kwanza ni kuhusu njaa. Ngano za Ulaya hazikuzaliwa katika majumba ya kifalme. Zilizaliwa katika vijiji vya watu waliolala bila kula. Katika kisa cha Hansel na Gretel, watoto wanapelekwa kutupwa msituni kwa sababu chakula kimekwisha nyumbani. Hiyo ndiyo sababu yote, na kila mtu aliyeishi mwaka wa ukame anaielewa bila maelezo. Tazama pia Pinocchio wa Carlo Collodi, aliyeanza kutoka gazetini nchini Italia mwaka 1881 na kuwa kitabu mwaka 1883. Ndani ya kitabu hicho mzee Geppetto ni fukara wa kutupwa. Ukutani kwake kuna moto uliochorwa kwa rangi, na juu ya moto huo kuna chungu kilichochorwa kwa rangi, kwa sababu hana moto wala chungu cha kweli. Mwanawe wa mti anapotakiwa kwenda shule, Geppetto anatoka nje katika baridi na kurudi bila koti: ameliuza ili anunue kitabu cha kujifunzia kusoma.

Msomaji wangu, unahitaji kufafanuliwa tukio hilo? Ni wazazi wangapi katika nchi zetu, kila Januari, wanauza mbuzi, wanauza baiskeli, wanaweka shamba rehani, ili mtoto apate sare na madaftari? Hadithi hiyo ya Kiitaliano ilikuwa yetu kabla hatujaisoma. Lakini katika filamu ya mwaka 1940, Geppetto ni fundi mwenye karakana nzuri iliyojaa saa za ukutani na vinyago vya kuchezea, ana paka na samaki wa kufugwa, na hana dhiki yoyote ila hamu ya kupata mtoto. Koti halikuuzwa, kwa sababu hakuna haja ya kuliuza. Nyenje msema kweli, ambaye katika kitabu anapondwa kwa nyundo mwanzoni mwa hadithi, amegeuzwa kuwa mshauri mcheshi mwenye kofia. Ufukara umefutwa, na pamoja nao umefutwa upendo wa mzazi fukara, ambao ndio uliokuwa moyo wa kisa.

Najua jibu linalokuja: watoto ni wadogo, wasitishwe. Ni hoja ya haki na naipokea. Mimi pia sitaki mtoto wa miaka mitatu aone malkia mwovu akivishwa viatu vya chuma chekundu kwa moto na kulazimishwa kucheza mpaka afe, kama ilivyo katika Snow White ya Grimm. Lakini tazameni kilichotolewa na kilichobakizwa. Filamu ya Snow White iliyozinduliwa Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937 haikuondoa hofu hata kidogo: kuna msitu wenye miti inayoshika kwa mikono, kuna mchawi mwenye chongo la sura, kuna kuanguka kutoka jabalini katika radi. Vivyo hivyo filamu nyingi zilizofuata. Watengenezaji hawakuona haya kuwatisha watoto. Walichoona haya ni kuwaonyesha watoto kwamba kuna watu wasio na chakula na kwamba hali hiyo ina sababu. Walibakiza hofu, wakaondoa njaa.

Matokeo yake ni somo la kisiasa linalofundishwa bila kutajwa kuwa siasa. Katika filamu ya Cinderella ya mwaka 1950 dhuluma ni tabia mbaya ya mama mmoja wa kambo, na dawa yake ni kuwa mpole, kuvumilia na kuota ndoto mpaka mwenye nguvu akuone. Kasri halihojiwi kamwe. Ufalme haulizwi unakula nini na nani anaulimia. Mtoto anayetazama filamu ishirini za aina hiyo hajafundishwa kwamba umaskini ni kitu chenye chanzo; amefundishwa kwamba ni chumba cha kungojea.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni nguva mdogo. Hans Christian Andersen alichapisha kisa chake huko Copenhagen mwaka 1837. Nguva wake anakatwa ulimi ili apate miguu, na kila hatua anayoikanyaga inamchoma kama kisu. Mwana wa mfalme anampenda kama mtu ampendavyo mtoto, kisha anamwoa mwingine. Dada zake wanamletea kisu: amchome mwana wa mfalme, naye ataokoka. Anakitupa kisu baharini, anayeyuka kuwa povu, kisha anapokewa miongoni mwa mabinti wa hewa. Ni kisa cha kuhuzunisha, lakini kina heshima, kwa kuwa kinamwambia mtoto jambo ambalo maisha yatamwambia hata asipopenda: waweza kujitoa kwa wote ulionao na usilipwe, na bado ukabaki na uamuzi wa kutomdhuru mtu. Katika filamu ya 1989 analipwa. Harusi inafungwa, mchawi anakufa, na uamuzi ule mgumu wa kisu haupo tena.

Wasiniambie kwamba watoto hawawezi kustahimili mwisho kama huo. Studio ya Toei ya Japani ilitoa katuni ya kisa hichohicho mwaka 1975 ikaubakiza mwisho wa huzuni, na watoto wa Japani walikua. Mwaka 2013 Isao Takahata alitoa filamu ya binti Kaguya, kutoka katika ngano ya Kijapani yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na binti huyo anarudishwa mwezini akiwaacha wazazi wake wakilia. Kwa hiyo ulainishaji si sheria ya maumbile ya katuni. Ni uamuzi wa kibiashara uliofanywa mahali fulani, na watu fulani, kwa faida fulani.

Shitaka la pili ni la sauti. Ndugu Grimm walipata ngano zao nyingi kutoka kwa wanawake. Mmoja wa wasimulizi wao mashuhuri alikuwa Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani aliyeishi karibu na Kassel. Huku kwetu hali haikuwa tofauti: bibi ndiye aliyekuwa maktaba. Wanawake walisimulia, wanaume walikusanya, wakachapa, wakaweka majina yao juu ya jalada. Filamu ziliuendeleza mgawanyo huo. Barua iliyotoka katika studio ya Disney mwaka 1938 ilimjibu mwanamke aliyeomba nafasi ya mafunzo kwamba kazi ya ubunifu wa michoro inafanywa na vijana wa kiume, na kwamba kazi iliyo wazi kwa wanawake ni kufuatisha mistari kwa wino na kujaza rangi.

Mwaka 2016 wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu maneno yanayosemwa katika filamu za mabinti wa kifalme za Disney. Waligundua jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Katika Snow White ya 1937 wanawake husema takribani nusu ya maneno, na katika Cinderella ya 1950 na Sleeping Beauty ya 1959 husema zaidi ya nusu. Ni katika filamu mpya, zile zilizotangazwa kuwa za wasichana jasiri, ndipo sauti za wanawake zilipodidimia: katika The Little Mermaid wanaume husema asilimia 68 ya maneno, na katika Aladdin ya 1992 wanaume husema asilimia 90. Yaani ushujaa wa msichana uliuzwa kwenye bango, na mazungumzo wakapewa wanaume. Wanafunzi wanaoniuliza kwa nini nasisitiza tuhesabu badala ya kuhisi, jibu ndilo hilo. Hisia ziliwaambia watu kwamba mambo yanasonga mbele, na hesabu ikasema vingine.

Aladdin hiyohiyo inatupa funzo jingine. Shujaa na mpenzi wake, Waarabu wa hadithi, wanazungumza kwa lafudhi ya Kimarekani. Wabaya wengi ndio wanaosikika kama wageni. Wimbo wa ufunguzi ulikuwa na mstari uliodokeza kwamba huko watokako watu hukatwa masikio ovyo. Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walilalamika kwa njia iliyopangwa, na mwaka 1993, filamu ilipotolewa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, mstari huo ulibadilishwa. Sehemu yake tu, lakini ulibadilishwa. Wanaharakati waliweke hilo akilini: kampuni kubwa husikia pale ambapo malalamiko yana anwani, yana shirika na yana dai mahususi.

Sasa naja kwenye shitaka la tatu, ambalo kwangu ni zito kuliko yote: ua.

Walt Disney alianza kuchora ngano mwaka 1922 huko Kansas City, akiwa na studio ndogo iliyotengeneza filamu fupi za Cinderella na binti wa kofia nyekundu. Hakumlipa mtu mrabaha kwa hadithi hizo, na hakustahili kulipa, kwa sababu zilikuwa mali ya umma. Vivyo hivyo Snow White na Cinderella. Utajiri wa kampuni hiyo umejengwa juu ya shamba la wote. Kisha mwaka 1998 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kurefusha hakimiliki kwa miaka 20 zaidi, na kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa walioishawishi serikali ipitishe sheria hiyo. Kazi za kampuni zilizochapishwa zamani zikapewa ulinzi wa miaka 95. Ndiyo maana katuni ya kwanza ya Mickey Mouse kuonyeshwa kwa umma, ya mwaka 1928, iliingia katika mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2024 tu, na Snow White ya 1937 itangoja mpaka tarehe 1 Januari 2033.

Mwanasheria atanisahihisha kwamba hakuna anayekatazwa kusimulia kisa cha Grimm. Kinacholindwa ni michoro, nyimbo na majina ambayo studio iliyabuni. Ni kweli, nami sidai kwamba sheria imevunjwa. Nadai kwamba mtu aliyepita mlango uliokuwa wazi, akala, akashiba, kisha akaweka kufuli ili wanaomfuata wangoje miaka 95, hana haki ya kuitwa mlezi wa hadithi za ubinadamu.

Waswahili tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. The Lion King ya mwaka 1994 si ngano kongwe, lakini ilichota katika kisima kilekile cha mali ya umma, na safari hii kisima kilikuwa lugha yetu. Simba, Rafiki, Shenzi: majina ni yetu. Maneno "hakuna matata" ni yetu, hata kama wengi wetu tukiwa nyumbani husema "hamna shida". Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikwisha kuyaimba katika Jambo Bwana miaka zaidi ya kumi kabla ya filamu hiyo. Hata hivyo mwaka 1994 kampuni iliomba maneno hayo yasajiliwe Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Filamu hiyo hiyo ilitiwa sauti za Kizulu mwaka ule ilipotoka. Lugha iliyowapa wahusika majina haikupewa heshima hiyo.

Mwishoni mwa 2018 lilianzishwa ombi mtandaoni la kutaka usajili huo uondolewe, na zaidi ya watu laki moja wakatia saini. Wanasheria walieleza, kwa usahihi, kwamba alama ya biashara haimkatazi mtu kuyatamka maneno barabarani. Lakini mimi naona aibu kwa sababu nyingine. Aliyeanzisha ombi hilo alikuwa mwanaharakati wa Zimbabwe. Usajili ulikuwa umekaa wazi kwa miaka 15. Sisi wenye lugha, wenye mabaraza ya lugha, wenye idara za Kiswahili katika kila chuo kikuu, tulikuwa wapi?

Linganisheni na Wasami wa kaskazini ya Ulaya, watu wachache mno wakilinganishwa na sisi. Filamu ya Frozen ya mwaka 2013, iliyochochewa na kisa cha Andersen cha Malkia wa Theluji, ilitumia sauti na mavazi yenye asili ya Kisami. Ilipotengenezwa filamu ya pili, mabunge ya Wasami ya Norway, Sweden na Finland pamoja na Baraza la Wasami walitia saini makubaliano na Disney mwaka 2019. Wakapata kikundi cha washauri wao, na wakapata toleo lililotiwa sauti za Kisami cha Kaskazini. Hawakupewa kwa hisani. Walikuwa na chombo chenye mamlaka ya kuketi mezani kwa niaba yao, na chombo hicho kilifanya kazi yake.

Kwa upande wetu vyombo havikosekani. Tanzania ina BAKITA, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni. Nchi za Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika zilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 kuhusu mambo hayohayo. UNESCO imetupa tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi kila mwaka twaisherehekea kwa hotuba, fulana na keki. Ninachouliza ni hiki: ni ofisi gani, chini ya afisa gani, yenye wajibu wa kupekua madaftari ya alama za biashara ya nchi za nje na kuweka pingamizi neno la kawaida la Kiswahili linapoombewa usajili? Mtumishi wa umma anayesoma makala haya na kujua jibu, ajitokeze. Kama ofisi hiyo haipo, ianzishwe. Kazi yenyewe haihitaji jengo jipya wala magari, yahitaji maofisa wawili wanaojua sheria na wenye intaneti.

Ndiyo maana naipinga dawa ya marufuku. Mwaka 2017 mamlaka ya filamu nchini Kenya ilivifungia vipindi kadhaa vya katuni vya kigeni. Hata tukiweka kando sababu zilizotolewa, je, marufuku hiyo ilizaa katuni hata moja ya Kiswahili? Kufungia ni rahisi, kwa kuwa hakugharimu chochote ila karatasi na mhuri. Na mkono unaozoea kufunga katuni za watoto leo, kesho hautachelewa kufunga vibonzo vinavyomchora waziri.

Vipaji vipo. Ubongo Kids, iliyoanza kurushwa Dar es Salaam mwaka 2014, ilithibitisha kwamba watoto wataketi kufuata hisabati kwa Kiswahili ikiwa imechorwa vizuri. Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichorwa Nairobi kwa mtindo uliotokana na michoro ya Edward Saidi Tingatinga, na visa vyake vilikuwa vya wanyama wa Afrika. Lakini waliokuwa wameagiza kazi hiyo walikuwa BBC na Disney. Mikono ilikuwa yetu. Oda haikuwa yetu. Na anayeweka oda ndiye anayeamua hadithi itasemwa kwa lugha gani, itaishaje, na nani atakuwa nayo miaka hamsini ijayo.

Hadithi pia zipo. Mwaka 1870 Edward Steere alichapa London ngano alizosimuliwa na Waswahili wa Unguja, na humo mna kisa cha Sultani Darai. Maskini Hamdani, mtu wa kupekua jaani, anaokota thumni na kununua paa. Paa huyo ana akili. Anamsemea kwa sultani, anamwozesha binti wa kifalme, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumkalisha bwana wake katika jumba la nyoka huyo. Ni ukoo uleule wa paka mwenye viatu wa Perrault. Lakini paka wa Perrault anaishia kuwa bwana mkubwa anayewinda panya kwa kujifurahisha tu, na kila mtu yu radhi. Paa wa Unguja anaugua. Bwana wake aliyetajirishwa naye anakataa hata kumwangalia, anaamuru apewe uji wa mtama mbaya. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani, mji mzima unamlilia. Na siku moja Hamdani anaamka na kujikuta jaani, akipekua kama zamani.

Niambieni kama mtoto wa leo hahitaji hadithi hiyo. Niambieni kama hawaihitaji wakubwa, katika nchi ambazo watu huinuliwa na wengine kisha wakasahau. Ina wanyama, ina safari, ina nyoka wa vichwa saba, ina kila kitu ambacho mchoraji angetamani. Na haina mwenyewe. Mtu yeyote mwenye kalamu na kompyuta anaweza kuianza kesho asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa.

Basi madai yangu ni machache na yanatekelezeka. Vituo vya televisheni vya umma vitenge sehemu ya bajeti yao, hata ndogo, kuagiza katuni za ngano kwa Kiswahili na lugha nyingine za wananchi, kwa mikataba inayowaachia wabunifu haki zao na kuurudishia umma kazi hizo baada ya muda usio wa miaka 95. Filamu za kigeni zinazonunuliwa kwa fedha za walipa kodi zitiwe sauti za Kiswahili, na waigizaji walipwe. Idara za fasihi, ambazo kwa miaka mingi zimewatuma wanafunzi vijijini kurekodi ngano za wazee, zifungue makabati na kuziweka rekodi hizo mahali ambapo wachoraji watazipata bure, pamoja na majina ya wasimulizi. Na walimu wa shule za msingi wasimulie Cinderella na nguva mdogo pia, lakini wasimulie na lile koti la Geppetto, na kile kisu kilichotupwa baharini.

Tarehe 1 Januari 2033 filamu ya Snow White ya 1937 itarudi katika mali ya umma nchini Marekani. Si mbali: mtoto anayeanza shule leo atakuwa bado mwanafunzi. Siku hiyo wachoraji wa dunia nzima watakuwa huru kuichukua na kuifanya watakavyo. Ngano za Unguja, za Uchagani, za Ziwa Victoria na za Tana hazingoji tarehe yoyote. Hazikufungiwa na mtu. Zinangoja oda.